Safari ya Kisumu kwa Miguu ya Mtoto

Popote ulipo, uwe umeketi dukani pale Rongo mjini, uwe unapalilia miwa kule Kamagambo, au uwe ndani ya matatu unaelekea Homa Bay, karibu tuzungumze.

Shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, na katika nyumba nyingi swali limeshaulizwa: "Baba, likizo hii tutaenda wapi?" Jibu letu tunalijua sote: kwa dani, yaani kwa nyanya. Kwenda kwa dani ni jambo jema, na sina neno la kulipinga. Ila leo nataka tuzungumzie safari nyingine ambayo wengi wetu hatujawahi kuwaandalia watoto wetu, safari ya kuwapeleka mjini bila shughuli yoyote, kuutazama mji tu. Na mji ninaousema ni Kisumu.

Hebu fikiri, mtoto wa Rongo huenda Kisumu kwa sababu gani? Huenda akiwa mgonjwa, mzazi ana barua ya rufaa mkononi, wanakimbilia hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Au huenda akivutwa mkono kutoka duka hadi duka, akitafutiwa sare na viatu vya shule, na kila akisimama kutazama kitu anaambiwa, "Twende, tutachelewa gari." Basi mtoto huyo anaujua mji kwa maumivu na kwa haraka. Anakua, anamaliza shule, na jiji lililo karibu naye kuliko yote linabaki kuwa mahali pa kuogopa.

Mimi naamini kila mtoto anastahili walau safari moja ambayo kazi yake ni kutazama na kuuliza. Na ninaamini safari hiyo haihitaji utajiri. Inahitaji kupangwa. Tunapanga mazishi, tunapanga harusi, tunapanga karo. Safari ya watoto tunaiachia bahati, ndiyo maana inageuka kuwa vilio na hasara. Kanuni ninayowapa leo ni moja, na mengine yote yanatoka humo: panga safari kwa miguu ya mtoto aliye mdogo kuliko wote. Usipange kwa miguu yako, wala kwa miguu ya kijana wako wa sekondari. Kama mdogo wenu ana miaka 4, miaka hiyo 4 ndiyo kipimo cha siku nzima.

Tuanze nyumbani, wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka. Waketishe watoto baada ya chakula cha jioni, uwaambie mnakwenda Kisumu, uwaulize wanataka kuona nini. Wasikilize mpaka mwisho. Mmoja atataka kuona simba. Mwingine atataka ziwa na mashua. Wa tatu atataka kupanda tuktuk, na usimcheke, kwa sababu kwake yeye tuktuk ni kivutio kamili. Kila mtoto achague kitu kimoja, na wewe mzazi uchague kimoja. Orodha hiyo ndiyo safari yenu. Mtoto aliyechagua kitu hukingojea kwa hamu, hukilinda, na hata akichoka huvumilia kwa kuwa zamu yake inakuja.

Kisha wape hadithi ya mji kabla hawajauona, maana jicho lililosimuliwa huona zaidi. Waambie kwamba reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita nyika ya Tsavo, ikapanda nyanda za juu, ikateremka Bonde la Ufa, ikapanda tena, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ziwani, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini. Mahali hapo Waingereza wakapaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, na ndiye Florence aliyepigilia msumari wa mwisho wa reli. Waambie pia kuhusu waliovunja mawe na kubeba vyuma: zaidi ya wafanyakazi 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao karibu 2,500 kati yao walifia kazini, pamoja na Waafrika wengi. Mtoto akifika Kisumu akaona reli, akaona hekalu la Wahindi, akaona msikiti, atajua kwamba mambo haya yanahusiana. Hatauliza tena, "Kwa nini Wahindi wako hapa?" Yeye ndiye atakayemweleza mwenzake.

Sasa tuje kwenye njia. Kutoka Rongo hadi Kisumu kwa barabara kuu ya Kisii ni mwendo wa saa tatu hivi, na mzazi mwenye busara huanza utalii pale pale steji. Njia yenyewe ni somo. Mnaondoka katika nchi ya miwa, mnapita Suneka, mnapanda hadi Kisii ambako hewa ni baridi na milima yote imevishwa migomba na majani chai. Waulize watoto kwa nini miwa imepotea. Mkiteremka kupitia Oyugis mnafika Sondu, mnavuka mto Sondu-Miriu, ambao maji yake yanaendesha kituo cha umeme chenye uwezo wa megawati 60. Waambie kwamba taa ya nyumbani huenda inawashwa na mto huu. Kisha mnafika uwanda wa Kano, joto linabadilika, na pale Ahero mnaona mashamba ya mpunga yaliyojaa maji na ndege weupe wanaotembea ndani yake. Katika saa tatu hizo mtoto ameona miwa, ndizi, chai na mpunga, na ameona jinsi ardhi inavyopanda na kushuka. Hakuna kitabu kitakachomwonyesha vizuri hivyo. Lakini haya yote yanataka mtoto aketi dirishani.

Hilo linatuleta kwenye suala la kiti. Makanga atakuuliza, "Mtoto unampakata au unamlipia?" Najua pesa ni ngumu. Lakini mtoto wa miaka 5 au 6 aliyepakatwa kwa saa tatu hufika amechoka, nawe hufika magoti yamekufa ganzi, na siku imeharibika kabla haijaanza. Isitoshe, akiwa mapajani hana mkanda wa usalama. Mlipie kiti. Kama fedha hazitoshi, ahirisheni safari hadi mwezi mwingine kuliko kuwabana watoto. Na kama mna majirani wawili watatu wenye nia kama yenu, kodini matatu pamoja. Mtasimama mnapotaka, mtapunguza gharama kwa kila familia, na watoto watakuwa na wenzao. Ondokeni mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ili kufika saa nne kasorobo au saa nne. Safari ya usiku na watoto msiifanye.

Mkifika, mwanzo mzuri ni Makavazi ya Kisumu, yaliyoko kando ya barabara ya kutoka Nairobi, kabla hamjaingia katikati ya mji. Yalifunguliwa mwaka 1980, na yanafaa sana kwa watoto kwa sababu si ya kutazama vitu ndani ya kabati la kioo peke yake. Kuna nyumba ya samaki wa ziwani, ambapo mtoto anayewajua ngege na mbuta kwenye sahani atawaona wakiogelea. Kuna nyoka, swila na kifutu na wengine, nyuma ya kioo kinene. Kuna mamba. Kuna kobe wanaotembea polepole kiasi kwamba mtoto wa miaka 2 anaweza kuandamana nao.

Na kuna Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi kwa msaada wa UNESCO. Boma la mtu mwenye wake watatu: nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, nyumba ya nyachira, yaani wa pili, nyumba ya reru, yaani wa tatu, nyumba ya mwana wa kifungua mimba, ghala za nafaka na zizi la ng'ombe. Hapa ndipo nawasihi, kama inawezekana, mwende na dani au kwaru, yaani babu. Msimwache nyumbani kwa kusema kwamba ni mzee, atachoka. Mtoto mdogo na mzee hutembea mwendo mmoja, na hiyo ndiyo faida ya kupanga kwa miguu midogo. Mwelekezi wa makavazi atawaeleza kwa nini nyumba hii iko hapa na ile iko pale. Lakini dani atasema, "Mimi nilizaliwa katika nyumba kama hii. Tulilala hapa, mbuzi walilala pale." Mjukuu anayesikia hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba yenyewe ameunganishwa na watu wake kwa namna ambayo hotuba zetu haziwezi.

Saa na nusu inatosha hapo. Usingoje mtoto aseme amechoka, toka angali anataka kubaki.

Sasa ni mchana, na jua la Kisumu si jua la Rongo. Sisi tuko juu kidogo, tuna upepo wa milima. Kisumu iko kando ya ziwa, na kati ya saa sita na saa tisa joto lake linambana hata mtu mzima. Hapa naomba tujifunze kwa wenzetu wa mbali. Uhispania, nchi inayopokea watalii wengi kuliko karibu nchi zote duniani, ina miji yenye joto kali kama Sevilla, na wenyeji wa huko hawashindani na jua. Mchana maduka mengi hufungwa, watu hula, hupumzika ndani, na jioni familia nzima hutoka, watoto hucheza viwanjani hata usiku umeingia. Na kule Madrid kuna jambo jingine la kuiga. Makavazi ya Prado, yenye michoro maarufu, huwaruhusu wote wasiofikisha miaka 18 kuingia bure. Karibu nayo kuna bustani ya Retiro, yenye miti mikubwa na bwawa la kupiga makasia. Familia inatazama michoro kwa muda mfupi, kisha watoto wanapelekwa bustanini kukimbia. Kutazama na kukimbia huenda jozi. Mtoto aliyetakiwa kunyamaza na kutazama kwa saa nzima lazima apewe saa nyingine ya kupiga kelele na kurukaruka.

Basi nasi tufanye hivyo Kisumu. Saa sita kuleni, kabla njaa haijawafanya watoto kununa. Chakula cha Kisumu ni samaki, na ni haki yenu kumla. Ila kwa mdogo chagueni mnofu wa mbuta badala ya ngege mzima, kwa sababu miiba ya ngege imewahi kuharibu safari nyingi. Kisha pumzikeni. Kama mmepata chumba, watoto walale. Kama hamna chumba, tafuteni kivuli, mtandike leso, mtulie. Saa mbili za mapumziko hazijapotea, ndizo zitakazowapa jioni.

Saa tisa jua likianza kulegea, pandeni tuktuk mwende Hifadhi ya Impala, kando ya ziwa, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji. Mwafikiane nauli kabla ya kupanda. Tuktuk inabeba mzazi na watoto pamoja, ina ubavu wa kuegemea, na kwa jambo hilo inaishinda bodaboda mara nyingi. Tusiwapange watoto watatu kwenye pikipiki moja eti ni hapo karibu.

Hifadhi hii ilitangazwa rasmi mwaka 1992, na iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Haifiki hata kilomita moja ya mraba, na udogo huo ni baraka kwa familia. Huhitaji gari la kuzungukia, mnatembea kwa miguu chini ya miti. Kuna swala pala wanaotembea huru, na kuna nzohe, swala wa majimajini ambaye si rahisi kumwona kwingine. Kuna simba na chui katika vizimba vyao. Yule mtoto aliyeomba kuona simba, zamu yake imefika, mwacheni asimame mbele ya kizimba hata nusu saa. Msimwambie, "Umeshaona, twende." Safari hii tulisema ni ya kutazama. Malipo ya kuingia hufanywa kwa simu au kwa njia ya eCitizen, si kwa pesa taslimu, kwa hiyo yashughulikieni mkiwa bado nyumbani, muangalie bei ya raia na ya watoto, mhakikishe simu ina chaji na mna vitambulisho.

Usiku mlale Kisumu. Najua wengi watasema, twende turudi siku hiyo hiyo. Kwa watu wazima inawezekana. Kwa watoto ina maana ya saa sita barabarani na saa chache za kuona mji, na kurudi gizani. Usiku mmoja unaibadilisha safari yote.

Na hapa kuna jambo la kusema kwa uangalifu. Wengi wetu tuna ndugu Kisumu, pale Manyatta, Nyalenda, Migosi. Kulala kwa shangazi kunaokoa pesa, na heshima inatutaka tumjulishe kwamba tumefika mji wake. Lakini mweleze mapema, kwa upendo na uwazi: "Shangazi, tunakuja na watoto kuwaonyesha mji. Tutafika kwako jioni, asubuhi tutatoka." Msiposema hivyo, atawapikia mchana, atawaita majirani, mtakaa sebuleni siku nzima mkinywa chai, na watoto watarudi Rongo wameona ukuta wa shangazi. Safari ya kumsalimia shangazi ni njema, lakini ina siku yake. Afadhali zaidi, mwalikeni atoke nanyi. Huenda naye ameishi Kisumu miaka 20 na hajawahi kuingia makavazi. Na popote mtakapolala, ulizeni kuhusu neti. Mbu wa ziwa hawana likizo.

Asubuhi ya pili ni ya ziwa. Nimeiweka asubuhi kwa makusudi. Kwa kawaida asubuhi Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo kando ya mji, hutulia, na kadiri jua linavyopanda upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, mawimbi yakainuka, na alasiri mara nyingi huja na ngurumo na mvua. Wavuvi wanalijua hilo, na sisi wa nchi kavu tuwafuate. Nendeni Dunga, ufuo wa wavuvi kusini mwa mji, mapema. Watoto wataona mashua zikirudi, samaki wakipimwa, akina mama wakipatana bei, omena ikianikwa juani. Wataona mafunjo marefu ya kinamasi cha Dunga, makazi ya ndege wasioishi penginepo ila katika mafunjo. Hapa mzazi una nafasi ya kusema jambo kubwa kwa maneno machache: ziwa hili lina kilomita za mraba karibu 68,800, Kenya imepata asilimia 6 tu hivi, zilizobaki ni za Uganda na Tanzania, na maji yake hutokea Jinja, yakawa mto Nile, yakasafiri hadi Misri na bahari ya Mediterania. Mtoto atatazama maji yale kwa macho mengine.

Mkipanda mashua, kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha, kuanzia kitoto hadi dani, na liwe la kumtosha. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini. Kama mwenye mashua hana jaketi dogo, mshukuruni kwa heshima, mtazame ziwa kutoka ufuoni. Ahadi ya mashua inaweza kungoja. Na ufuoni pia tuwe macho. Watoto wasichezee maji ya kando, kwa sababu kichocho kipo katika maji hayo. Na viboko wapo kweli. Kiboko anaonekana mzito na mpole, lakini huua watu. Mtazameni kwa mbali, mkiwa na mwenyeji anayewajua.

Mkitoka ziwani, kama mguu wa mdogo bado una nguvu, piteni Mtaa wa Oginga Odinga mwone mnara wa saa. Ulizinduliwa mwaka 1938, kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871, na waliougharamia ni wanawe. Mwambie mtoto asome maandishi yaliyochongwa pale. Dakika kumi zinatosha. Kisha chakula, kisha steji, muwe Rongo kabla ya jua kuzama.

Utaniuliza, mbona hukutaja kwenda Kit Mikayi, yale majabali makubwa ya Seme? Mbona hukusema Maseno, mahali mstari wa ikweta unapokatiza barabara? Mbona si kijiji cha Kogelo? Hayo yote ni kweli, na yote yanafaa. Lakini yote kwa siku mbili na mtoto wa miaka 4 ni adhabu. Mzazi anayetaka kumaliza kila kitu kwa kuwa "tumeshalipa nauli" humfanya mtoto achukie kila kitu. Vitu vinne vilivyoonwa vizuri vinamtosha, na kilichobaki ndicho sababu ya kurudi mwaka ujao.

Tusizunguke suala la pesa. Gharama zigawe mafungu matano: nauli, viingilio, chakula, malazi, na akiba ya dharura. Akiba hiyo isiguswe kwa soda wala kwa mwanasesere. Ni ya homa ya usiku au gari lililoharibika. Anzeni kuweka kidogo kidogo miezi kadhaa kabla, kwenye chama au kwenye simu mahali ambapo kutoa si rahisi. Mkulima wa miwa anajua malipo yake hayaji kila mwezi, basi atenge fungu la safari siku ile pesa zinapoingia, kabla hazijatawanyika. Na watoto wajulishwe kiasi. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuandika matumizi kwenye daftari, na hilo ni somo la hisabati lisilohitaji mwalimu. Bebeni maji ya kunywa, chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, maana kinachokula pesa za safari ni vile vitu vidogo vya kila saa.

Na usalama. Kabla ya kuondoka, andika namba yako ya simu kwenye karatasi, uitie mfukoni mwa kila mtoto, na anayeweza kuikariri aikariri. Wavae rangi moja inayoonekana mbali. Kila mfikapo mahali, kubalianeni pa kukutana mtu akipotea. Mkubwa apewe mdogo mmoja wa kumwangalia, lakini wajibu wa mwisho ubaki kwa mzazi. Na kama kwenu kuna mtoto asiyeona, au anayetembea kwa magongo, au anayetumia kiti cha magurudumu, nakusihi usimwache nyumbani. Piga simu kabla, uliza njia ikoje, punguza orodha. Tumesema safari inapimwa kwa miguu yake, basi na iwe hivyo.

Najua kuna anayenisikiliza sasa ambaye mwaka huu Kisumu haiwezekani. Karo haijakamilika, au kuna mgonjwa nyumbani. Kwako nasema, kanuni ni ile ile kwa safari ya karibu. Hapa hapa kaunti yetu ya Migori tuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, jiwe juu ya jiwe, kuta nyingine zikifika mita 4 kwenda juu, zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kuyaona, na watoto wetu hawajafika. Upande wa Homa Bay kuna Hifadhi ya Ruma katika bonde la Lambwe, mahali pekee nchini Kenya palipobaki na swala aina ya korongo. Siku moja, chakula cha kubeba, ndugu wachache, na mtoto amejua kwamba nchi yake ina mambo ya kutazamwa.

Mkirudi nyumbani, safari haijaisha. Jioni inayofuata kila mtoto asimulie alichokiona mbele ya wote, na asikatizwe. Mdogo achore. Mtaala wa umilisi unamtaka mtoto aone, ashike, aeleze, na mwalimu peke yake, mwenye darasa la watoto 60, hawezi kumpeleka kila mmoja ziwani. Sehemu hiyo ni yetu wazazi.

Ndugu wasikilizaji, watoto wetu wengi wataondoka Rongo siku moja. Watakwenda vyuo, watatafuta kazi Kisumu, Nairobi na mbali zaidi. Tunaweza kuwaacha wafike huko wakiwa wageni wanaotetemeka, wanaoongozwa na yeyote atakayewashika mkono. Au tunaweza kuwa sisi tuliowashika mkono kwanza, tukawaonyesha jinsi ya kuuliza njia, jinsi ya kupatana nauli, jinsi ya kusoma historia ya mahali na kuheshimu watu wake. Mtoto aliyeonyeshwa mji na mzazi wake anajua kwamba mji ni wake pia.

Kwa hiyo naomba kila mzazi anayenisikia afanye jambo moja kabla ya wiki hii kwisha. Waite watoto, chukua daftari, uliza kila mmoja anataka kuona nini, uandike. Halafu hapo chini andika tarehe. Tarehe ikishaandikwa mbele ya watoto, mtaitimiza.